Sarafu kubwa za shaba: kabla hujanunua, na ukiokota kazini

Wenzetu wa Stockholm wanatuuliza: nimeona peni kubwa ya Kiingereza kwenye loppis ya Jumapili pale Hötorget, nzito kweli, je ninunue niweke akiba? Nunua kama unapenda vitu vya kale. Hela ya ada ya watoto usiiguse.

Peni inayowavutia wengi ni ile ya Mfalme George wa Tatu, iliyopigwa kwa mashine za mvuke za Matthew Boulton huko Soho, karibu na Birmingham. Ya peni moja ina gramu kama 28, ya peni mbili gramu 56. Waingereza waliibandika jina la gurudumu la mkokoteni kwa sababu ya ukingo wake mpana. Wakati ule nia ilikuwa shaba yenyewe ilingane na thamani ya sarafu. Leo shaba hiyo ukiipima kwa kilo ni krona chache tu; kinachobaki analipia mkusanyaji, naye anaangalia sura. Uso wa mfalme ukiwa umefutika, bei imekwenda. Muuzaji akikuambia "ona, ni ya 1797!" usibabaike, zote zimeandikwa 1797. Na zile za Malkia Victoria za baada ya 1860 si shaba tupu tena, ni shaba nyeusi, na zilitengenezwa kwa mamilioni. Nyingi ukipata bei ya kikombe cha kahawa, shukuru.

Tafadhali usizisugue kwa ndimu na majivu. Zitang'aa, na mnunuzi atazikataa.

Sisi tungeanza na za kwetu: pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ya mwaka 1299 wa Hijria, yenye picha ya mizani, au senti kumi ya Afrika Mashariki yenye tundu. Angalau ukimwonyesha bibi nyumbani ana la kusimulia.

Uzito haujawahi kuwa rafiki wa mtu anayetuma hela, na Waswidi wanalijua hilo kuliko wote. Mwaka 1644, enzi za Malkia Kristina, walitengeneza bamba la shaba la daler 10 lenye karibu kilo 20. Sarafu moja hiyo, jamani! Watu walichoka kubeba, na mwaka 1661 benki ya Stockholms Banco ikatoa noti za karatasi, za kwanza Ulaya. Ikachapisha kupita kiasi, wenye noti wakadai shaba yao, shaba haikutosha, benki ikaanguka. Mama akiugua usiku, peni ya 1797 huwezi kuituma kwa simu, na wa kuinunua kwa bei uliyonunulia hutampata kesho.

Sasa ninyi wa saiti. Sheria ya urithi wa utamaduni ya Sweden inasema kitu kisicho na mwenyewe, kinachodhaniwa kuwa cha kabla ya 1850, kikiwa na dhahabu, fedha, shaba au mchanganyiko wa shaba, lazima serikali ipewe nafasi ya kukinunua kwanza. Kikitoka kwenye eneo la mabaki ya kale, ni cha serikali moja kwa moja. Kwa hiyo ukichimba msingi ukaona sarafu, usitie mfukoni. Simamisha, piga picha palepale, mwite msimamizi. Taarifa inakwenda Länsstyrelsen au polisi. Kuficha ni kosa la jinai, na mtu mwenye kibali cha kazi hahitaji kesi ya namna hiyo. Kutembea na mashine ya kutafutia chuma bila kibali pia ni marufuku. Msidhani ni hadithi: mwaka 1937 mafundi waliokuwa wakikarabati nyumba ya Lilla Nygatan, Gamla stan, walikuta hazina ya familia ya Lohe, sarafu za fedha karibu 18,000.

Wa kazi za ndani, hatari yenu ni nyingine. Mzee unayemtunza anakupa kopo la sarafu kwa moyo mweupe, kisha anafariki, watoto wake wanauliza kopo liko wapi. Kabla hujalipokea, mwombe aandike gåvobrev, barua ya zawadi: jina lake, jina lako, tarehe, ni sarafu gani na ngapi, na sahihi. Mwombe mwanawe mmoja naye atie sahihi kama shahidi. Nakala ipige picha, itumie kwa mtu unayemwamini.