Pilipili Mbuzi: Ukali Wake Unakaa Wapi?

Wapishi wa mwambao huiweka pilipili mbuzi nzima juu ya tui la mbaazi, wakachunga isipasuke. Chakula hupata harufu yake, na mjukuu akala sinia moja na babu yake bila kutokwa na machozi. Ikipasuka, mchuzi mzima huwaka, wala kuongeza maji hakufui dafu. (Na siku hiyo ndiyo mavyaa huwa amekuja kufuturu.)

Sababu ni kwamba kiini cha ukali huo, kiitwacho kapsaisini, hakiyeyuki vyema katika maji. Huyeyuka katika mafuta, na tui lina mafuta tele. Wengi hulaumu mbegu, wakazichokoa moja moja. Kumbe ukali hutengenezwa katika ile nyama nyeupe inayozishikilia. Mbegu hupakwa tu kwa ujirani. Atakaye pilipili ya upole na aiondoe nyama hiyo.

Kwa hiyo aliyeungua ulimi apewe maziwa au mtindi, si maji. Mikono nayo, baada ya kukatia kachumbari, ipakwe mafuta kwanza, ndipo ioshwe kwa sabuni, kabla ya kumshika mtoto mchanga. Mkono waweza kuonekana safi na bado ukamchoma. Ukali ukiingia jichoni, lisisuguliwe. Lioshwe kwa maji safi mengi, na maumivu yasipotulia, mgonjwa apelekwe hospitali.

Kuipanda hakuhitaji shamba. Ndoo kuukuu iliyotobolewa chini yatosha, mradi ipate jua. Mbegu za pilipili iliyoiva kabisa hukaushwa kivulini, na zikipandwa huchipua kwa wiki mbili hivi, pengine tatu. Mchanga wetu wa pwani haushiki maji, basi uchanganywe na samadi iliyooza vyema. Maji yamiminwe shinani, si majanini. Usitumie udongo uliotoka kupandwa nyanya au biringani: hao ni jamaa zake, na maradhi yao ni mamoja.

Anayekausha za kusaga asizitandaze chini, bali juu ya jamvi au wavu ulioinuliwa, aziingize ndani kabla umande haujashuka. Hewa yetu ina unyevu mwingi. Iliyoota ukungu itupwe nzima, isikatwe ikasagwa, kwani ukungu waweza kuacha sumu isiyoondoka kwa kupikwa.