Ukilipa kwa kilo, utauziwa maji

Kila msimu wa pamba mkoani Shinyanga huja na onyo lilelile: wakulima wasinyunyizie pamba maji, wasiichanganye na mchanga. Viongozi wa ushirika hulisema, maofisa wa Bodi ya Pamba hulirudia, na bado mizigo yenye maji hufika kwenye mizani. Mnunuzi hulipa kwa kilo, na maji yana uzito.

Mkulima anayefanya hivyo si mjinga, wala si mwovu kuliko wengine. Shilingi za ziada anazipata yeye, tena leo. Hasara ya nyuzi kuharibika na ya jina la pamba ya Tanzania kuchafuka huko nje inagawanywa kwa maelfu ya wakulima, tena mwakani. Akiacha yeye peke yake, bei haitapanda hata senti moja. Basi kila mmoja anafanya linalomfaa, na wote kwa pamoja wanaambulia bei mbaya.

Mkasa wa aina hii ndio chakula cha kila siku cha nadharia ya michezo, tawi la hisabati lililopata umbo kwa kitabu cha John von Neumann na Oskar Morgenstern cha mwaka 1944, kisha kwa kazi za John Nash miaka michache baadaye. Nadharia hiyo haiulizi nani mwaminifu. Inauliza: kwa kanuni zilizopo, mtu mwenye akili, anayejua kwamba wenzake nao wana akili, atachagua nini? Kila mkurugenzi, mwalimu mkuu na ofisa utumishi angepaswa kujiuliza swali hilo kabla ya kutangaza kipimo cha utendaji. Na ukanda huu wa pamba na dhahabu, kuanzia Kishapu hadi Geita, umeshatoa majibu mengi.

Mizani ina pande mbili

Wakulima hawakuwa wa kwanza kuchezea mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukumani walilalamika kwamba wanunuzi wa pamba wanawapunja kilo, wakaweka watu wao wasimame kwenye mizani na kuhakiki uzito. Harakati hizo, zilizoongozwa na Paul Bomani, zilizaa vyama vya ushirika ambavyo mwaka 1955 viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Kwa maneno mengine, ushirika mkubwa wa Kanda ya Ziwa ulitokana na ugomvi wa kipimo, na dawa yake ya kwanza ilikuwa kumweka anayepimwa karibu na mizani.

Pamba ilipangwa katika madaraja mawili, safi na fifi, kila moja na bei yake, na mkulima akawa na sababu ya kuichambua. Soko lilipofunguliwa mwaka 1994, wanunuzi wakaanza kugombea kilo. Aliyekataa pamba chafu aliiona ikibebwa na mshindani wake. Tofauti ya bei kati ya safi na fifi ikayeyuka, na usafi ukaondoka nayo. Wakulima walikuwa walewale, ila kanuni za mchezo ndizo zilizokuwa mpya.

Kisichohesabiwa huachwa

Mwaka 1991 Bengt Holmström na Paul Milgrom walieleza kihisabati jambo ambalo msimamizi yeyote wa zamu amelishuhudia. Kazi moja ina sehemu nyingi. Ukilipa bonasi kwa sehemu inayohesabika, nguvu zote zitahamia huko na zile nyingine zitakauka. Mchorongaji anayelipwa kwa mita atakimbilia mwamba laini, na mashine itakosa grisi. Dereva wa lori la mgodini anayehesabiwa safari ataongeza mwendo au atapunguza mzigo.

Kwenye usalama hatari huwa kubwa zaidi. Migodi na viwanda vingi duniani hubandika ubao wa siku zilizopita bila ajali na kuahidi zawadi kwa kikosi kizima. Sasa mtu akivunjika kidole siku mbili kabla ya zawadi kutolewa, wenzake ndio watakaomsihi anyamaze. Mwaka 2012 OSHA, wakala wa usalama kazini nchini Marekani, iliwaonya waajiri kuhusu zawadi za namna hiyo, kwa sababu zinaweza kuwafanya wafanyakazi wafiche majeraha. Ubao utaonyesha namba nzuri na zahanati ya mgodi itakuwa haina wagonjwa, huku hatari ikiwa palepale. Ni afadhali kuhesabu kinachofanyika kabla ya ajali: hatari ngapi zimeripotiwa, na ngapi kati ya hizo zimerekebishwa.

Mgao wa duara

Kwa wachimbaji wadogo wa Rwamgasa, Nyarugusu au Mwakitolyo, sehemu ya tatizo hili ilitatuliwa bila mshauri wa kukodi. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, hawezi kumwona mtu aliye chini kabisa. Akimlipa kwa siku, kazi itasuasua. Akimlipa kwa kiroba, viroba vitajaa mawe matupu. Kwa hiyo hulipa kwa mgao: viroba vya mawe vinagawanywa juu ya shimo, mbele ya macho ya wote, kisha kila upande unapeleka vyake karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe. Viwango hutofautiana, ila mgawo unaotajwa mara nyingi ni asilimia 30 kwa mwenye leseni, 40 kwa mwenye duara anayegharimia chakula na vifaa, na 30 kwa wachimbaji.

Kwa kanuni hiyo mchimbaji anautafuta mwamba wenye dhahabu kwa faida yake mwenyewe, na anayejaza mawe matupu anajiibia. Mzembe habanwi na bosi aliye juu. Anabanwa na wenzake walio naye chini, ambao ndio wanaomwona na ndio watakaopunjwa.

Hata hivyo mgao nao una upofu wake. Hauhesabu magogo ya kushikilia kuta za shimo, kwa kuwa gogo linagharimu leo na faida yake ni ajali ambayo haitaonekana. Oktoba 2015 mgodi mdogo wa Nyangalata, wilayani Kahama, uliporomoka, na wachimbaji watano waliokolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Usalama unahitaji kanuni yake na mkaguzi wake, nje ya mgao.

Jaribio la Kahama na Geita

Mfano uliopimwa kwa makini zaidi hautoki mgodini. Unatoka darasani. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza, pamoja na watafiti wakiwamo Isaac Mbiti na Karthik Muralidharan, liliendesha mpango wa KiuFunza katika shule za msingi 350 za wilaya mbalimbali, Kahama na Geita zikiwamo. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine walimu wake waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu atakayefaulu somo, na mwalimu mkuu shilingi 1,000. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua alama. Bonasi peke yake ilileta matokeo mchanganyiko. Vilipokwenda pamoja, watoto walijifunza zaidi kwa kiasi kinachoonekana.

Lakini mstari mmoja wa kufaulu una mtego. Mtoto aliye mbali chini ya mstari hana faida kwa mwalimu anayepiga hesabu, na aliyekwisha kuuvuka naye hana. Anayelipa ni yule wa katikati. Mwaka 2015 na 2016 watafiti wakajaribu njia mbili za kuuondoa mtego huo katika shule 180. Ya kwanza ilitoka moja kwa moja kwenye nadharia ya michezo, kwa mfumo uliobuniwa na Gadi Barlevy na Derek Neal: wanafunzi wanaoanzia kiwango kimoja wanashindanishwa kati yao, na mwalimu analipwa kwa nafasi ya kila mtoto. Kwenye karatasi, hakuna mtoto anayeachwa. Ya pili ilikuwa ngazi tu: silabi, maneno, sentensi, aya, na kila ngazi ina malipo yake.

Njia zote mbili ziliinua alama. La kushangaza ni kwamba ile ya ngazi, isiyo na hesabu nzito, haikuzidiwa na ile ya wanahisabati. Nadhani sababu iko wazi kwa aliyewahi kufundisha. Mwalimu anaweza kumtazama Juma na kujua leo amfundishe nini ili apande ngazi. Hawezi kujua Juma yuko nafasi ya ngapi miongoni mwa watoto wa shule ambazo hajawahi kuziona. Kipimo kisichoeleweka na anayepimwa hakiwezi kumwelekeza, hata kiwe cha haki namna gani.

Kenya walipata funzo lao mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Busia na Teso, walimu wa shule 50 walipewa zawadi kwa alama za mitihani. Paul Glewwe, Nauman Ilias na Michael Kremer walikuta kwamba alama zilipanda, utoro wa walimu haukupungua, na faida haikudumu baada ya zawadi kusitishwa. Kilichokuwa kimeongezeka ni vipindi vya ziada vya kujiandaa na mtihani.

Takwimu bila mhakiki

Kishapu nayo ina lake. Mwaka 2015 wilaya hiyo ilijaribu mfumo wa kulipa vituo vya afya kwa matokeo. Kituo kililipwa kwa wingi wa huduma, malipo yakirekebishwa kwa alama za ubora, na takwimu zikihakikiwa kabla fedha hazijatoka. Huwezi kumlipa mtu kwa namba anazoziandika mwenyewe, kisha ushangae zinavyopendeza. Wala hakuna haja ya kukagua kila daftari. Inatosha mkaguzi asijulikane siku wala kituo, na adhabu ya kudanganya izidi faida yake.

Funzo hili linagusa utumishi wa umma wote. Mwaka 2004 serikali ilileta OPRAS, tathmini ya wazi iliyoondoa taarifa za siri; leo PEPMIS imechukua nafasi yake kwa njia ya kidijitali. Kompyuta imeondoa makaratasi, lakini haijaondoa mchezo. Mtumishi anayeshiriki kuweka malengo yake ana kila sababu ya kuyaweka chini. Na ofisi inayojua kwamba ikivuka lengo mwaka huu itapandishiwa mwakani, itajifunza kuishia asilimia 101. Lengo likubalike kwa miaka kadhaa bila kupandishwa kwa sababu ya mafanikio ya jana, na sehemu ya alama itoke kwa wanaopokea huduma.

Kwa mkuu wa idara anayeandaa vipimo vya mwaka ujao, ushauri wangu ni mmoja. Kabla ya kusaini, mwite mfanyakazi wako mjanja kuliko wote, mpe rasimu, umuulize angepataje alama zote bila kufanya kazi. Jibu lake likiwa fupi, usisaini.