Khidma Kando ya Msanii

Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, wilayani Walikale, katika Kivu ya Kaskazini ya leo, Mbelgiji mmoja mchunguzi wa mila, Daniel Biebuyck, alikaa na wenzake muda wa siku 12 akiandika utendi wa shujaa Mwindo kutoka kinywani mwa mzee Candi Rureke, ambaye hakuusimulia akiwa ameketi kitako, bali aliuimba, akaucheza, akauigiza kwa mwili mzima, mkono mmoja ukitikisa kibuyu cha kayamba na mwingine umeshika usinga, ambao katika utendi ule ndio silaha na fahari ya shujaa mwenyewe. Utendi huo ulipigwa chapa mwaka 1969, naye Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga, akashiriki kuutengeneza, na tangu hapo jina la Rureke limefika katika vyuo vikuu vya dunia.

Lakini Rureke hakuwa peke yake uwanjani. Kando yake walikuwapo vijana waliogonga kwa vijiti mti mkavu mrefu uliolazwa juu ya vijiti vingine ili usiguse ardhi, wakishika mwendo wa wimbo na kuitikia pale mzee alipohitaji kuvuta pumzi. Aghalabu vijana kama hao ni jamaa za msanii, wala hawapati ujira. Lakini kwa kusikia utendi kila mara, na kujua msanii huchoka mahali gani na huamka mahali gani, baadhi yao hatimaye huwa mafundi wenyewe. Hiyo ndiyo khidma ninayotaka kuieleza, kwa kuwa watu wengi huidhania kuwa jambo jipya lililoletwa na tamasha za siku hizi.

Huko Marekani, ambako mwaka 1970 ulianzishwa mjini San Diego mkutano wa mashabiki wa hadithi za vibonzo, ni desturi katika mikutano ya namna hiyo mgeni mashuhuri apewe mtu wa kujitolea wa kumtumikia mchana kutwa. Kwetu Kivu ya Kaskazini, jambo lililo karibu zaidi na hilo ni Tamasha la Amani la Goma, ambalo lilikusudiwa Agosti 2013, likaahirishwa kwa sababu ya vita vilivyokuwa karibu na mji, hata likafanyika kwa mara ya kwanza Februari 2014 katika Koleji Mwanga, kwa kiingilio cha dola moja tu ili hata mtoto wa muuza makaa apate kuingia. Tamasha kubwa kama hilo, lenye maelfu ya watu kwa siku, lilisimama kwa mabega ya vijana wa kujitolea, nao walikuwa mamia.

Kazi ya anayekaa karibu na msanii huonekana nyepesi kwa mtu wa mbali. Kwa hakika yeye ndiye saa ya mgeni na mlango wake. Hujua gari litafika lini, chumba cha kuvalia kiko wapi, na maji ya kunywa yawe baridi au vuguvugu, kwa sababu mwimbaji anayelinda koo lake hatakunywa ya barafu. Mgeni atokaye nchi nyingine, asiyejua Kiswahili wala Kifaransa, humtegemea yeye kuwa mkalimani. Na mashabiki wanapopanga foleni kutaka sahihi au picha, ilhali muda umekwisha, yeye ndiye amwendeaye mtu wa mwisho na kumwambia kwa upole kwamba foleni inaishia kwake, kisha humwomba awaarifu wanaokuja nyuma. Neno la kukataa hulisema yeye, ili msanii abaki na uso wa bashasha mbele ya hadhira yake.

Kinachohitajika zaidi ya nguvu ni amana. Msaidizi husikia simu za msanii, humwona akiwa na homa, akigombana na wapigaji wake wa ala, au akilia. Hayo hayapelekwi mtaani. Wala hajiombei picha katikati ya kazi. Nawaonea fahari vijana wanaoweza jambo hilo, kwa maana kuwa karibu na mtu mashuhuri na bado kumwona kama mwanadamu anayehitaji kula na kulala ni adabu kubwa, nayo haifundishwi darasani.

Lakini vita vimerudi: Januari 2025 waasi wa M23 waliitwaa Masisi, na kabla mwezi haujaisha wakaingia Goma yenyewe. Mwezi wa Machi wakafika Walikale. Vijana ambao wangegonga mti mkavu kando ya wazee wao wengi wako mbali na vijiji, na mzee asiye na vijana wa kumwitikia hana utendi kamili. Kwa hiyo, siku Goma itakapofungua tena jukwaa lake, nawaomba waandalizi wawaite pia mafundi wa utendi kutoka Walikale, wawape chumba cha kuvalia, maji vuguvugu na msaidizi kama wanavyompa mwimbaji atokaye ng'ambo, na msaidizi huyo awe kijana ajuaye Kinyanga.