BUTURA YA MJINI: Mshahara unauzwa ungali ua!

Kama umezaliwa Karagwe au Kyerwa, neno butura huna haja ya kuelezwa. Umelisikia tangu unanyonya.

Lakini kama wewe ni mtoto wa Dar, Mwanza au Arusha, kaa mkao wa kula. Inawezekana kabisa na wewe unafanya butura kila mwezi, ila hujui kama ina jina.

Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini. Mti umetoa maua meupe, unanukia vizuri, mwenye shamba kachacha mbaya. Anakuja jamaa mwenye mshiko, anamhesabia noti pale pale, wanakubaliana ni magunia mangapi. Kahawa ikiiva, jamaa anakuja na magunia yake matupu, anaondoka nayo yamejaa. Mwenye shamba anabaki na majani.

Serikali imepiga marufuku biashara hii mara chungu nzima. Viongozi wa mkoa wa Kagera wamefoka sana majukwaani, na kahawa sasa inatakiwa ipitie kwenye vyama vya msingi, AMCOS, chini ya ushirika wa KDCU unaohudumia wilaya zote mbili, kisha iuzwe kwa mnada. Lakini butura haifanyiki sokoni mchana. Inafanyika sebuleni usiku, kati ya watu wanaosalimiana kila asubuhi. Mara nyingi huyo mnunuzi ndiye aliyetoa gari mgonjwa wako alipozidiwa. Utamshitaki wapi?

JANUARI NDIYE MCHAWI

Watu wa mjini hupenda kusema wakulima wanauza maua kwa sababu ya pombe. Wapo, hatukatai. Lakini tazama kalenda kwanza.

Shule zinafunguliwa Januari. Mnada wa kahawa unaanza kuchangamka Mei na Juni. Hapo katikati kuna miezi mitano, na mtoto hawezi kumwambia mwalimu amsubiri hadi kahawa ianikwe.

Ni kweli ada ilifutwa shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Lakini sare haikufutwa. Viatu havikufutwa. Anayekwenda bweni anataka godoro, ndoo, tranka na nauli. Ukiwa na watoto watatu, Januari inakukuta umesimama barabarani Omurushaka hujui uende Kayanga au urudi nyumbani.

Sasa tupige hesabu, na hii ni mfano tu. Una shida ya shilingi 200,000. Jamaa anakupa kwa bei ya 2,000 kwa kilo ya kahawa ya maganda, kwa hiyo unamdai hakuna, yeye anakudai kilo 100. Juni inafika, mnadani kilo ni 4,000. Kilo zako 100 zimekuwa 400,000. Umekopa laki mbili, umelipa laki nne, kwa miezi mitano.

Hiyo ni sawa na riba ya asilimia 20 kila mwezi. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kwa ukomo huo, riba ya laki mbili kwa miezi mitano ingekuwa shilingi 35,000. Wewe umetoa 200,000 juu ya deni. Tofauti hiyo inanunua godoro, tranka na viatu vya wote watatu.

Na hesabu hii si ya kubuni sana. Mwaka 2024 robusta ilipanda dunia nzima. Soko la London lilivuka dola 4,000 kwa tani mwezi Aprili na dola 5,000 ilipofika Septemba. Kule Kagera bei ya maganda mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Waliokuwa wameshauza maua walisimama kando ya barabara wakiangalia malori.

KADI YAKO INALALA KWA NANI?

Haya, tuje kwako wewe unayevaa suruali ya kitambaa na kunukia marashi.

Mchukue mwalimu yeyote wa Nkwenda, au karani wa Kayanga, au nesi, au mlinzi wa Kariakoo. Ana mshahara. Kwenye mshahara huo benki inakata mkopo wake. Kama alisoma chuo kikuu kwa fedha ya Bodi ya Mikopo, wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Utaratibu wa utumishi wa umma unamlinda kidogo, unataka abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi.

Sasa theluthi hiyo ndiyo inayotafutwa na yule jamaa wa mtaani. Hana haja ya barua ya mwajiri. Anataka kadi ya benki na namba ya siri. Basi!

Siku ya mshahara mwalimu yuko darasani, jamaa yuko kwenye mashine ya kutolea pesa. Anachukua chake kwanza, chenji anamletea mwenye mshahara. Tarehe 10 chenji imekwisha, mwalimu anarudi tena kwa yule yule. Mwezi ujao umeshauzwa kabla haujaanza.

Hiyo ni butura, mtu wangu. Tofauti ni kwamba ua la kahawa angalau linanukia.

Halafu kuna kausha damu, na jina lenyewe linatosha. Unapewa 100,000, unaambiwa urejeshe 4,500 kila siku kwa siku 30. Inasikika kama hela ya vitumbua. Lakini zidisha uone: 135,000. Asilimia 35 kwa mwezi, mara kumi ya ukomo wa Benki Kuu. Na ukumbuke hiyo laki hukukaa nayo mwezi mzima, ulianza kuirudisha kesho yake. Ukishindwa, kikundi kizima kinakuja kubeba godoro, redio na sufuria, wakiongozwa na shosti wako uliyesuka naye nywele Jumamosi.

Wa kwenye simu nao walizidi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za kukopesha zisizo na leseni. Wengine kati ya wakopeshaji wa aina hiyo walikuwa wakipekua majina kwenye simu ya mdaiwa na kumtangazia deni lake kwa shemeji, bosi na mchungaji. Soo la mwaka!

NYUMBA MOJA, MADENI MAWILI YA SIRI

Hapa ndipo penye utamu, au uchungu.

Kwa desturi za Kagera kahawa ni zao la baba. Maharage ni ya mama. Baba akibanwa, anauza maua kimya kimya, hamwambii mkewe. Mama naye akibanwa, anaingia kausha damu kimya kimya, hamwambii mumewe. Wote wawili wamekopa kwa sababu ya watoto wale wale na Januari ile ile.

Mama anavuna maharage Desemba na Januari, wakati kila mtu anavuna na bei iko chini, anayauza haraka haraka apate marejesho. Baba anamwona anauza, anakasirika kimoyomoyo kwamba mke wake hana huruma na sare za watoto. Kumbe yeye mwenyewe kahawa yote ya kibanja imeshakuwa mali ya mtu. Siku wanajua ukweli ni siku watu wawili tofauti wanagonga mlango mmoja.

Mjini ni hivyo hivyo, ila badala ya kahawa weka kadi ya benki, na badala ya maharage weka mchezo wa upatu.

Wanaojua kabla ya wazazi ni watoto. Mtoto wa miaka saba anatumwa mlangoni: "Mwambie mama hayupo." Mama yuko uvunguni anazuia kikohozi. Mtoto anasema vizuri bila kupepesa macho, na mdai anaondoka. Mwezi unaofuata mwalimu anaita mzazi shuleni: mtoto wako ni mwongo hodari. Kajifunzia wapi? Mzazi anamchapa!

Afya nayo inaondoka taratibu. Unaanza kupita njia za uchochoro ili usipite dukani. Unazima simu. Usingizi unakatika saa tisa usiku, unahesabu dari. Presha inapanda, unanunua dawa, kwa mkopo. Kanisani au msikitini huendi kwa sababu mmoja wa wanaokudai anakaa safu ya mbele. Huu ni ugonjwa kamili.

LIPA KWANZA KINACHOKUSHIKA SHINGO

Wataalamu wa semina watakuambia uanze na deni dogo ili upate moyo. Ni sawa kwa mtu ambaye mshahara wake unamfikia mkononi. Wewe ambaye kadi iko kwa jamaa, au kahawa iko kwa jamaa, anza na hilo deni hata kama ni kubwa, maana ndilo linaloshika mlango hela yako inakoingilia. Duka la mangi linaweza kusubiri kwa adabu ukimwendea mwenyewe na kumwambia tarehe. Mwenye kadi hana sababu ya kukusubiri.

Kulilipa kwa mkupuo mmoja watu wengi hawawezi. Kuna njia ya kushuka ngazi. Tuseme kila mwezi jamaa anakukata 300,000, halafu unakopa tena. Mwezi huu chukua pungufu kwa 50,000. Mwezi ujao punguza 50,000 nyingine. Ukishikilia hapo hapo bila kupanda, mwezi wa sita hukopi tena. Hiyo 50,000 itauma, lakini inapatikana: viazi na ndizi toka nyumbani badala ya sokoni, miguu badala ya bodaboda, harusi moja ya mtu usiyemjua vizuri ukose mchango.

Na kahawa ni vile vile. Mwaka jana uliuza magunia kumi yakiwa ua, mwaka huu uza saba. Hayo matatu yakipita mnadani hela yake inaonekana. Agosti, ukiwa na noti za kahawa mfukoni, ndipo ununue sare za Januari. Chukua saizi kubwa kidogo. Mtoto atakua, watu watacheka, wewe utalala.

Tatizo ni malipo kuchelewa. Tangu kahawa ianze kukusanywa kupitia ushirika mwaka 2018, malalamiko hayo yamesikika sana, na kila wiki mkulima anayosubiri hela yake ni wiki moja ya soko kwa mwenye butura. Wanaofoka majukwaani wangefoka na hapo pia. Marufuku haimshonei mtoto sare.

Ukilazimika kukopa, kuna mlango mwingine. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi bila riba: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024. Ni ya biashara, si ya sare, na ina mzunguko wa makaratasi. Lakini riba sifuri ni riba sifuri. VICOBA iliyosajiliwa, ambayo unaijua na inayogawana faida mwisho wa mwaka, nayo si mbaya. Panga mgao wake uangukie Desemba.

Kuna michango usiyotakiwa kuikata hata ukichacha vipi, na kwa Kagera wa kwanza ni ule wa kuzikana. Ukijitoa kule ili ulipe deni, siku ukifiwa utarudi kwa jamaa wa butura unakimbia.

Usilale kidogo ili ufanye vibarua vitatu pia. Kimoja cha ziada kinatosha. Mzazi anayerudi saa tano usiku kila siku analipa deni la hela kwa kufungua deni jingine kwa mtoto, na hilo halina mnada. Jioni mbili kwa wiki uwe nyumbani kabla watoto hawajalala. Na yule mdogo asitumwe tena mlangoni. Toka mwenyewe: "Kaka, leo sina, Ijumaa nina elfu kumi." Halafu Ijumaa peleka elfu kumi kweli, hata kama hajaja kuifuata.

Kikao cha mume na mke kifanyike mchana, watoto wakiwa shule, kila mmoja na karatasi yake. Msianze na nani alimkopa nani bila ruhusa, mtafika jioni hamjaandika namba hata moja. Andikeni kwanza anayedai, kiasi, na tarehe. Kugombana mtagombana baadaye, muda upo.

Siku ya kumaliza, usimpe jamaa hela ya mwisho mkiwa wawili tu. Nenda na mtu, pata karatasi yenye saini kwamba deni limekwisha, choma ile hati uliyoweka saini mwanzo mbele yake. Kadi ikirudi mkononi, nenda benki siku hiyo hiyo, kabla hujapitia nyumbani, ubadilishe namba ya siri.