Nyoka wa Damu Moja

Ni ajabu kwamba wafugaji wa nyoka Ulaya na Marekani, kwa tamaa ya rangi adimu sokoni, humpandisha chatu jike na babaye mzazi. Rangi hupatikana, kasoro zilizojificha damuni nazo hujitokeza.

Walimu wa bayolojia wawasimulie wanafunzi kisa cha Smygehuk, Uswidi. Nyoka wa mwituni wa jamii ya kifutu, waliotengwa na wenzao kwa mashamba, walizaana wao kwa wao hata watoto wengi wakazaliwa wafu au vilema. Mwaka 1992 watafiti waliwaletea madume 20 kutoka kwingine. Kufikia 1999 walikuwa wameongezeka mno.

Mfugaji naye sharti atafute damu ngeni, ila ya spishi ile ile. Chatu chotara wa spishi mbili hana pori lake la kurudishwa.