Shabaha Huanzia Miguuni

Mei 2022, jijini Antwerp, Ubelgiji, Finn Andersen wa Denmark alinyanyua kombe la Major, taji kubwa kuliko yote katika gemu la Counter-Strike. Alikuwa na miaka 32, umri ambao wenzake wengi huwa wamekwisha kutundika daluga. Andersen, maarufu kwa jina la karrigan, hakutegemewa na timu yake ya FaZe kwa wingi wa shabaha. Kazi yake ilikuwa kusoma nia ya wapinzani na kuwapanga wenzake wanne.

Wanaoanza gemu za risasi mtandaoni hudhani siri yote ni wepesi wa vidole.

Counter-Strike, iliyoasisiwa mwaka 1999 na Minh Le na Jess Cliffe kama nyongeza ya gemu la Half-Life, huwaadhibu wenye pupa. Ukifyatua huku unakimbia, risasi hutawanyika ovyo. Ndiyo maana mchezaji mzoefu anayekimbilia kushoto hugusa kitufe cha kulia, akasimama papo hapo, ndipo akafyatua. Alama ya shabaha nayo huitembeza usawa wa kichwa, ikimsubiri adui kwenye kona atakayochomozea. AK-47 ya gemu hilo ikimpata mtu kichwani, risasi moja humaliza kazi, hata akiwa na kofia ya chuma.

Hayo mtu anaweza kuyafanyia mazoezi peke yake, sawa na namna ya kuidhibiti bunduki inayopanda na kuyumba inapomimina risasi mfululizo. Mechi za ushindani huongeza kile ambacho kompyuta haifundishi: binadamu anayekusoma na kubadilika. Kila mchezaji huanza na dola 800 za gemu, ilhali AK-47 huuzwa 2,700. Anayefuatilia pochi za wapinzani hujua lini wamefulia na kubaki na bastola, hivyo hukaa mbali nao, kwani silaha hizo zina makali zaidi karibu.

Faida nyingine huonekana nje ya gemu. Mwaka 2003, C. Shawn Green na Daphne Bavelier wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha utafiti katika jarida la Nature. Watu wasio wachezaji walicheza Medal of Honor, gemu la risasi, saa moja kwa siku kwa siku 10, na umakini wao wa macho ukaimarika kuliko wa waliopewa Tetris, gemu la kupanga vipande.

Kwa mchezaji wa Nairobi au Dar es Salaam kuna mtihani wa ziada: umbali. Seva rasmi za Counter-Strike zilizo Afrika ziko Johannesburg, na taarifa hupoteza milisekunde njiani kwenda na kurudi. Ucheleweshaji huo humpendelea anayechomoza ghafla, kwa kuwa humwona anayevizia kabla hajaonekana. Kung'ang'ania kona moja raundi nzima ni kujipalilia makaa.

Kisha kuna rekodi za mechi, ambazo wengi huzifungua ili kufurahia ushindi wao. Wanaotaka kupanda daraja hutazama vifo vyao, wakirudisha nyuma hadi sekunde kadhaa kabla ya risasi. Hapo hujulikana kama mtu alipuuza mlio wa nyayo, alikwenda peke yake bila mwenzake wa kulipiza, au alijaza risasi upya adui akiwa jirani. Wajanja huchagua kosa moja tu lililojirudia, wakaingia mechi inayofuata wakilirekebisha.