Kinyume cha Watoto na Mahojiano ya Kazi

Juzi kijana mmoja aliyehitimu masomo ya tarakilishi alinijia akiwa amejiinamia. Alikuwa ameitwa kwenye mahojiano ya kazi ya kuunda programu, akaulizwa: ukipewa maneno mawili, utajuaje kama la pili limetokana na la kwanza kwa kuzitoa herufi za mwisho na kuzitanguliza? Kijana alikuwa amekariri majibu mengi, ila hilo halikuwamo. Akanyamaza mpaka muda ukamwishia.

Nilimwuliza kama utotoni alipata kucheza kinyume. Akacheka. Tangu zamani watoto wa pwani huichukua silabi ya mwisho wakaitanguliza, ‘kitabu’ likawa ‘bukita’. Nikamwambia aliandike ‘kitabu’ mara mbili bila kuacha nafasi. Akaandika ‘kitabukitabu’, akatazama, akajipiga paja: ‘bukita’ limo ndani! Jibu ni hilo. Hakikisha maneno yana urefu sawa, kisha liunge la kwanza na nafsi yake, ulitafute la pili humo. Kuzungusha neno ni kulisoma kuanzia katikati, ukifika mwisho urudi mwanzo. Ukiliandika mara mbili, huna haja ya kurudi.

Nikamtega tena: je, ‘baba’ husomeka sawa mbele na nyuma? Akakana upesi, maana herufi zikigeuzwa hutoa ‘abab’. Lakini ukigeuza silabi, ‘baba’ hubaki ‘baba’. Na ‘ng’ombe’ lina urefu gani? Tarakilishi huhesabu alama 7, ritifaa ikiwamo. Mwalimu wa Kiswahili huhesabu sauti 5. Wote wawili wamesema kweli. Mwenye busara huuliza kwanza: tunahesabu nini?

Swali hilo ndilo kijana wangu hakuthubutu kumwuliza mhoji wake, na lawama si yake peke yake. Sisi walimu, nami nikiwamo, tumewazoesha wanafunzi kudhani kwamba anayejibu upesi ndiye mwenye akili, na anayeuliza hakusoma. Kisha twastaajabu wanapokwama mbele ya swali wasilowahi kuliona, ilhali ufunguo wake waliuchezea uani wakiwa watoto.

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Methali hiyo twaifundisha kila mwaka. Yafaa sasa tuanze kumtuza alama mwanafunzi anayeitii.